Mpaka mmoja, mstari mmoja: kisa cha ramani ya vipande ya mikoa ya Tanzania

Usuli

Mwalimu wa Maarifa ya Jamii katika shule moja ya msingi aliagiza ubao wa ramani ya Tanzania uliokatwa vipande, kila mkoa kipande chake. Lengo lake lilikuwa wazi. Wanafunzi wake wa darasa la nne waliweza kutaja mikoa yote bila kukwama, lakini ukiwauliza Katavi iko upande gani wa Rukwa, darasa linanyamaza. Alitaka mtoto aushike mkoa mkononi, augeuzegeuze, kisha autafutie mahali pake.

Jina la shule, mji na karakana iliyofanya kazi hiyo nimeyaondoa, na mambo madogo yasiyogusa ufundi nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike.

Karakana ilikuwa na mashine ya leza ya CO2 yenye eneo la kukatia la milimita 600 kwa 400, na malighafi yake ya kila siku ilikuwa plaiwudi ya milimita 3. Michoro ilichorwa kwa Inkscape, programu ya bure ya kuchora vekta, yaani michoro ya mistari na maumbo. Mchoraji alikuwa kijana hodari aliyekulia kwenye kazi ya nembo, mabango na stika. Hilo lina uzito katika kisa hiki, kwa sababu kwenye nembo kila kitu ni umbo lililofungwa lenye rangi ndani, na maumbo mawili yakipandiana kidogo hakuna anayeona. Kwenye kazi ya kukata, leza huifuata kila njia, yaani kila mstari, iliyomo kwenye faili, iwe inaonekana kwenye skrini au imejificha chini ya nyingine.

Mimi niliitwa kulipitia faili baada ya ubao wa kwanza kukataliwa.

Kilichotokea

Mchoraji alipakua faili la mipaka ya mikoa kutoka intaneti na kulifungua kwenye Inkscape. Kila mkoa uliingia kama umbo lililofungwa, na mwambao wa bahari na wa maziwa ulikuwa na nodi, yaani nukta zinazoujenga mstari, nyingi kupita kiasi. Mashine ingekwenda kwa kusitasita na kuunguza mbao kila inapopunguza mwendo. Kwa hiyo akachagua mikoa yote na kubonyeza Ctrl+L, amri ya kurahisisha njia. Nodi zikapungua, mistari ikalainika, ramani ikapendeza.

Ilipendeza kwa mbali. Inkscape hurahisisha kila njia peke yake bila kujua kwamba upande wa mashariki wa Tabora na upande wa magharibi wa Singida ni mpaka uleule. Nilipovuta karibu sehemu hiyo nilikuta mistari miwili inayofuatana bila kukutana. Mahali pengine Tabora imeingia ndani ya Singida, mbele kidogo imebaki nafasi isiyo ya mkoa wowote. Hitilafu ya namna hiyo ilikuwepo kwenye kila mpaka wa ndani.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuongeza ndimi. Mchoraji alijua kwamba pazo, yaani picha ya vipande vya kuunganisha, huwa na ndimi na matundu ya kushikana, hivyo akabandika ulimi mmoja au miwili kwenye kila mpaka kutoka kiolezo alichokuwa nacho.

Fremu, yaani ubao wa chini na kingo zake, ilitoka kwenye faili la zamani la karakana lenye ukubwa wa milimita 400 kwa kimo. Faili hilo lilitengenezwa kwa toleo la Inkscape la kabla ya 0.92, wakati programu ilihesabu pikseli 90 kwa inchi moja. Kuanzia toleo la 0.92 la mwaka 2017 hesabu ni pikseli 96. Faili likasomwa kwa hesabu mpya na fremu ikasinyaa hadi asilimia 93.75 ya ukubwa wake, sawa na milimita 375. Tatizo hili lilirekebishwa haraka, na dawa yake ni rahisi: kwenye kila faili weka mraba wa milimita 100, na kabla ya kukata chochote upime kwenye programu ya mashine.

Kisha ukaja ukataji wenyewe. Kwa kuwa kila mkoa ulikuwa umbo kamili, leza ilizunguka Dodoma yote, ikahamia Singida, ikarudia sehemu ya mpaka wa Dodoma iliyokwisha kukatwa. Kila mpaka wa ndani ulipitiwa mara mbili. Pale mistari miwili ilipogusana mbao iliungua na mkato ukapanuka. Pale ilipoachana vilidondoka vibanzi vyembamba kama njiti za kiberiti. Zaidi ya hapo, mkoa uliokatwa mapema ulilegea na kuinama kwenye wavu wa mashine, na leza iliporudi kukata jirani yake ikaukwangua ukingo.

Mwalimu alipoletewa ubao alivichukua vipande viwili vitatu, akavitazama kwa muda, kisha akasema: "Fundi, Singida haina masikio." Alimaanisha ndimi. Baadaye akahesabu vipande na kuuliza Songwe iko wapi. Faili lililopakuliwa lilikuwa la mikoa 30, la kabla ya mwaka 2016 Songwe ilipotengwa kutoka Mbeya.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuliacha faili lile na kuanza upya. Kijana alipendekeza tuhamishe nodi mojamoja mpaka mistari ikutane. Nilikataa, kwa sababu kazi hiyo ingeisha ikiwa bado kila mpaka umechorwa mara mbili. Mistari miwili iliyolaliana sawasawa ni mbaya kuliko iliyoachana, maana haionekani kabisa kwenye skrini lakini mashine inaikata yote miwili.

Tulirudi kwenye faili la asili la mipaka na kulipitisha kwenye Mapshaper, programu ya bure ya ramani. Programu hii inatambua kwamba mpaka kati ya mikoa miwili ni mstari mmoja unaomilikiwa na pande zote mbili. Ukiurahisisha, unarahisika kwa wote wawili kwa pamoja na hakuna ufa unaobaki. Baada ya kurahisisha tulitumia amri yake ya innerlines, ambayo hutoa mipaka ya ndani peke yake, kila mmoja mara moja. Mpaka wa nchi tuliutengeneza kando, kwa kuunganisha mikoa yote kuwa umbo moja. Tukarudi Inkscape na matabaka mawili: la mipaka ya ndani na la mpaka wa nje.

Matabaka hayo ndiyo yaliyotatua pia mpangilio wa kukata. Mipaka ya ndani ilipewa rangi moja na kukatwa kwanza, mpaka wa nje rangi nyingine na kukatwa mwisho. Mpaka wa nje usipoguswa, ubao mzima unabaki mahali pake wakati leza inafanya kazi katikati.

Makutano yalihitaji macho ya binadamu. Mahali ambapo Manyara, Singida na Dodoma zinakutana kuna ncha za mistari mitatu, na lazima zote ziishie kwenye nukta ileile. Ncha moja ikipungukiwa hata robo ya milimita, nyuzi za plaiwudi hubaki zimeunganisha vipande viwili, na mtu akivitenganisha kwa nguvu tabaka la juu la mbao linachanika. Ncha ikizidi, inaacha chale kwenye mkoa wa tatu. Tuliwasha kinasio cha nodi, kinachovuta ncha ikae juu ya nukta iliyo karibu, na kuyapitia makutano yote moja baada ya jingine. Kazi hii inachosha, lakini sijaona njia ya mkato inayoaminika.

Songwe ikawa rahisi kuliko tulivyotarajia. Kwa kuwa sasa tulikuwa na mistari, tulichora mpaka mmoja ndani ya Mbeya ya zamani, tukazishikiza ncha zake mbili, na mkoa wa 31 ukapatikana bila kugusa mingine.

Kuhusu ndimi, mwalimu alikuwa sahihi. Mtoto anayejifunza umbo la mkoa kwa kulishika hapaswi kupewa umbo la uongo. Baadhi ya ramani za vipande za mwanzo kabisa zinazojulikana, zile alizotengeneza mchora ramani John Spilsbury jijini London katika miaka ya 1760 kwa kubandika ramani kwenye ubao wa mkangazi, zilikatwa kwa kufuata mipaka ya nchi, nazo zilikuwa vifaa vya kufundishia jiografia. Ndimi zina kazi pale ambapo picha haina kitu cha kuishikilia. Hapa tulikuwa na fremu: kipande cha nje kinachobaki baada ya mpaka wa nchi kukatwa, chenye nchi jirani na Bahari ya Hindi, kilibandikwa juu ya ubao wa chini na kuwa trei. Vipande vinakaa ndani yake bila kushikana.

Lakini vipande visivyoshikana vinacheza, na ilibidi tujue vitacheza kiasi gani. Leza haitenganishi mbao tu, inaichoma na kuiondoa. Tulichora mstatili wa milimita 200, tukaugawa vipande kumi, tukaukata, tukavisukuma vipande pamoja na kuvipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipimo vidogo. Vilitoka milimita 198. Kila kipande kilikuwa kimepoteza milimita 0.2, na huo ndio upana wa mkato kwa mashine ile, plaiwudi ile na mwendo ule. Ukivuka nchi kutoka Kigoma, ukapita Tabora, Singida, Dodoma na Morogoro hadi Pwani, unavuka mikato saba ukihesabu na ya fremu pande zote mbili. Jumla ya nafasi ni milimita 1.4. Kwa mikono ya watoto hiyo ni nafasi nzuri, kipande kinaingia bila kusukumwa. Tuliamua kutofidia upana wa mkato, yaani kutopanua kila kipande kwenye mchoro ili kurudisha kinachochomwa. Kufidia kungemaanisha kuupa kila mkoa mstari wake tena, yaani kurudi kule tulikotoka.

Uamuzi uliochukua mjadala mrefu ulihusu mikoa midogo. Ili nchi iingie kwenye mashine tulitumia skeli ya 1:3,500,000, ambapo milimita moja ni kilomita 3.5 na ramani nzima ni takriban milimita 340 kwa 350. Kwa skeli hiyo Tabora inajaa kiganja. Dar es Salaam, yenye kilomita za mraba zipatazo 1,393, inakuwa na eneo la mraba usiofika milimita 11 kwa upande. Mjini Magharibi inabaki milimita 4 na kitu, na kipande kama hicho kinapotea siku ya kwanza. Pia darasani na nyumbani kuna wadogo. Viwango vya usalama wa vichezeo vya Marekani na Ulaya hutumia silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, na kipande kinachoingia chote ndani yake hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Ubao huu haukuwa wa umri huo, lakini hatukutaka kutengeneza kipande ambacho mtoto akikiweka mdomoni hakionekani tena.

Mapendekezo yalikuwa matatu. La kwanza, kukuza mikoa midogo papo hapo, lilianguka kwa sababu ileile ya ndimi. La pili, kuzichonga Unguja na Pemba kwenye fremu bila kuzikata, mwalimu alilikataa kabisa: mikoa mitano ya Zanzibar ingekuwa picha na ya bara ingekuwa vipande, na mtoto angejifunza kitu kibaya bila mtu kukitamka. La tatu ndilo tulilolichukua. Upande wa mashariki, kwenye bahari, fremu ilikuwa na nafasi tupu. Hapo tuliweka kisanduku cha ukanda wa pwani kwa skeli ya 1:800,000, kuanzia kaskazini mwa Pemba hadi kusini mwa Dar es Salaam, takriban milimita 310 kwa 125. Ndani yake Dar es Salaam inakuwa kipande cha kushikika kweli, na Mjini Magharibi inafikia kama milimita 19. Kwenye ramani kubwa Dar es Salaam ilichongwa juu ya kipande cha Pwani kwa rangi yake bila kukatwa, na visiwa vikachongwa baharini mahali pake halisi. Pwani nayo ilinufaika: kipande chake kilibaki kizima badala ya kuwa na pengo ubavuni. Mafia, kwa kuwa ni ya Pwani, ilipakwa rangi ya Pwani.

Ziwa Victoria lilikuwa na matatizo mawili. Mipaka ya kiutawala ya Mwanza, Mara na Kagera inaingia ziwani, na sehemu kubwa ya eneo la Mwanza ni maji. Ukiikata kama ilivyo, mtoto anashika Mwanza ambayo zaidi ya nusu ni ziwa. Tuliamua kukata kwa kufuata nchi kavu na kuliacha ziwa kuwa sehemu ya fremu, Ukerewe ikichongwa juu yake kwa rangi ya Mwanza. Tatizo la pili lilikuwa mwambao wenyewe. Ghuba ya Mwanza inaingia bara kilomita 60 hivi na upana wake mahali pengi ni kilomita chache tu. Kwa skeli yetu ingekuwa ulimi wa plaiwudi wenye urefu wa milimita 17 na upana wa milimita moja hadi tatu, ulioning'inia kwenye fremu. Ungevunjika wakati wa kupiga msasa. Kanuni yangu ni kwamba mkono wowote wa mbao usiwe mwembamba kuliko unene wa ubao wenyewe, hivyo mkato uliruka mdomo wa ghuba na maji yake yakachongwa kwa mistari myepesi juu ya kipande cha Mwanza.

Majina ya mikoa hayakuandikwa juu ya vipande. Yalichongwa kwenye ubao wa chini, ili mtoto anayetaka uhakika ainue kipande na kujisomea. Maandishi yote yaligeuzwa kuwa njia kwanza, kwa sababu kompyuta ya mashine haikuwa na fonti ileile.

Matokeo

Ubao wa pili ulikatwa bila vibanzi na bila kuungua, na muda wa leza ulipungua sana kwa kuwa mipaka ya ndani ilipitiwa mara moja tu. Mwalimu aliupokea na kuutumia kwa vikundi: mtoto mmoja anafumba macho, anapewa mkoa mkononi, anautaja kwa kupapasa ukingo. Morogoro na Lindi zilikuwa ngumu mwanzoni. Kagera ilijulikana haraka.

Mambo mawili hayakwenda vizuri. Fundi alipaka rangi baada ya kukata, na rangi ya maji ikaingia kwenye kingo. Plaiwudi ilivimba, rangi ikaongeza unene, na ile nafasi ya milimita 0.2 ikamezwa. Baadhi ya vipande vilikuwa vya kusukuma kwa nguvu mpaka vikapigwa msasa tena. La pili liligunduliwa na watoto wenyewe. Walipoulizwa visiwa vya Tanzania, wengine walitaja Unguja, Pemba na Dar es Salaam. Kwenye kisanduku Dar es Salaam ilikuwa imeelea peke yake, imezungukwa na rangi ya bahari pande zote, sawasawa na jirani zake.

Uchambuzi

Chanzo cha kushindwa kwa ubao wa kwanza hakikuwa uzembe. Kijana alifanya kwa uangalifu kile ambacho kazi ya nembo ilimfundisha, na skrini ikamthibitishia kwamba amepatia. Tofauti iko kwenye swali ambalo mchoro unajibu. Mchoro wa rangi unajibu eneo hili ni la nani. Mchoro wa kukata unajibu leza ipite wapi, na mpaka wa Tabora na Singida una jibu moja tu. Njia ya kuligundua hili mapema ipo na ni ya bure: kwenye Inkscape badilisha mwonekano uwe wa mistari mitupu bila rangi, kisha chukua mpaka wowote wa ndani, uburute pembeni na uangalie kama chini yake kuna mwingine. Mahali pa kufanyia jaribio hilo ni kabla ya plaiwudi kuwekwa mezani.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kumleta mwalimu kwenye meza ya kuchorea. Hoja ya ndimi na hoja ya Zanzibar zilikuwa zake, na zote mbili zilibadilisha faili kuliko ushauri wowote wa kiufundi nilioutoa. Mchoraji anaona mistari. Mwalimu anaona mtoto atakayebaki na umbo lile kichwani kwa miaka.

Kisanduku cha pwani kilitatua tatizo la ukubwa na kuzaa tatizo la maana, na nadhani tungeweza kulizuia. Mchoro wowote unaokatwa kutoka mahali pake unahitaji kubaki na jirani wa kuushika. Faili limeshasahihishwa: pembeni ya Dar es Salaam pamechongwa sehemu ya Pwani, na mstari wa kisanduku umeunganishwa kwa nukta na mahali pake kwenye ramani kubwa. Rangi sasa inapakwa kwenye ubao mzima kabla ya kukata, chini ya utepe wa karatasi unaozuia moshi usitie madoa.

Faili limehifadhiwa likiwa mistari, na maumbo yaliyofungwa hayamo kabisa. Mwaka 2012 iliongezwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 Songwe, kwa hiyo shule zinazotumia ramani hii zitegemee mabadiliko mengine. Mkoa ukigawanywa, fundi atafungua tabaka la mipaka ya ndani, atachora mstari mmoja mpya, atashikiza ncha mbili, na kukata upya kipande kilekile kimoja kilichogawanyika.